Neno "Kichocheo" na Kazi ya Kugeuza Makaa ya Mawe Kuwa Mafuta

Miongoni mwa istilahi za sayansi zilizopata makao katika Kiswahili bila ya ugomvi mkubwa, mojawapo ni "kichocheo". Limeundwa kutokana na kitenzi "chochea" kwa utaratibu ule ule uliozaa "kifuniko" na "kipimo", na mwenye kulisikia kwa mara ya kwanza huona moto: mafiga matatu, kuni zilizoungua ncha, na mkono unaozisukuma ndani ili ndimi ziinuke. Kutoka jikoni neno lilisafiri mbali. Mchochezi ni mtu anayewatia wenzake hasira, na uchochezi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Wachumi wana vichocheo vyao vya biashara, na waandishi wa habari za afya huziita vichocheo zile homoni za mwilini. Mwanakemia naye, alipohitaji jina la kitu kinachotiwa katika badiliko la kikemia ili liende upesi, alilikuta neno liko tayari mlangoni.

Makala haya hayakusudii kulifukuza neno hilo. Yanakusudia kulipima kwa kazi moja, nayo ni ile ya kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta kama petroli na dizeli. Maelezo yaliyozoeleka madarasani husema kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila ya chenyewe kubadilika. Katika sentensi hiyo mna madai mawili, la upesi na la kutobadilika. Mbele ya makaa ya mawe, dai la kwanza ni nusu tu ya ukweli, na la pili halifiki hata hapo.

Lugha nyingine zililiendea jambo hili kwa picha tofauti. Jina litumikalo Ulaya lilitolewa na Msweden Jöns Jacob Berzelius mwaka 1835, naye alilichukua katika Kigiriki, ambamo asili yake ni kulegeza, au kufungua kilichofungwa. Berzelius aliamini kwamba ipo nguvu ya pekee inayoamsha vitu vilivyolala. Miaka kama sitini baadaye Mjerumani Wilhelm Ostwald aliiondoa nguvu hiyo ya siri, akasema kwamba habari yote ni ya mwendo: kichocheo huongeza kasi ya badiliko ambalo kwa asili yake lingeweza kutokea, wala hakiwezi kupahamisha mahali ambapo badiliko hilo hukomea. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Wajapani nao husema "shokubai", neno liandikwalo kwa alama mbili za Kichina, moja ya kugusa, na nyingine ambayo maana yake ya kale ni mshenga. Wachina walilitumia neno hilo hilo kwa matamshi yao, lakini siku hizi huelekea zaidi kusema "cuihuaji", yaani kitu kihimizacho mabadiliko. Basi zipo picha tatu: ya kufungua, ya kuposa na ya kuhimiza. Kiswahili kimesimama na ile ya tatu. Msomaji wa pwani huenda akatabasamu kwa ile ya pili, maana amjua mshenga ni nani: huenda huku na huko, akazikutanisha nyumba mbili, kisha akatoka bila ya kuoa wala kuolewa.

Kabla ya kuingia katika kazi yenyewe, yafaa litengwe jambo moja la msamiati. Katika miji ya Afrika Mashariki neno "makaa" likisemwa peke yake huleta akilini makaa ya kuni, yauzwayo kwa debe na kwa gunia. Makaa ya mawe ni kitu kingine. Ni mabaki ya mimea ya zama za kale yaliyofukiwa na kukandamizwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Makaa ya kuni yaliyochomwa vizuri sehemu yake kubwa ni kaboni. Makaa ya mawe yana kaboni nyingi pia, lakini ndani yake mna haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, majivu na salfa, ambayo katika kamusi za zamani ni kiberiti, kabla ya jina hilo kuhamia kwenye njiti za kuwashia moto. Katika makaa ya mawe ya kawaida, kila atomu 10 za kaboni zina haidrojeni kama 8 hivi. Katika petroli na dizeli, kila kaboni 10 zina haidrojeni zinazokaribia 20. Kwa hiyo anayetaka kupata mafuta kutokana na makaa ana kazi mbili: kuyakata yale mafungu makubwa ya atomu yaliyoshikamana, na kuyaongezea haidrojeni. Hesabu hii ya 8 na 20 yafaa ikumbukwe, kwa sababu itarudi.

Njia ya kwanza ni ya Friedrich Bergius, aliyepata hataza yake Ujerumani mwaka 1913. Makaa husagwa yakawa unga, yakachanganywa na mafuta mazito yakawa kama uji, kisha uji huo ukapelekwa katika chombo kinene cha chuma pamoja na gesi ya haidrojeni. Joto hufika nyuzi 400 hadi 450 za Sentigredi, na shinikizo huwa mara 200 ya lile la hewa ituzungukayo, au zaidi ya hapo. Katika joto hilo viungo vilivyoshikanisha mafungu ya kaboni hukatika vyenyewe. Kila kipande kilichokatika hubaki na mkono mtupu, na mkono huo hauvumilii kukaa mtupu. Ukikuta haidrojeni, huishika, na kipande kinakuwa mafuta. Usipoikuta, hushika kipande kingine chenye njaa kama yake, na vyote viwili hurudi kuwa kitu kigumu kuliko makaa yaliyotiwa mwanzoni.

Hapa ndipo picha ya kusukuma kuni inapoanza kuyumba. Kinachokata ni joto, na joto halihitaji mchochezi. Likizidishwa, hasara nayo huzidi. Kichocheo kiko upande wa pili kabisa wa kazi. Huitwaa haidrojeni, ambayo katika hali ya gesi atomu zake zimeshikana mbili mbili, huzitenganisha, na kuyapa yale mafuta ya uji. Mafuta nayo huvigawia vipande vyenye mikono mitupu, kisha hurudi kuchukua tena. Kazi hiyo ni ya mgawaji anayepaswa kuwahi kabla wenye njaa hawajashikana wao kwa wao. Upesi upo, lakini ni upesi wa badiliko moja dhidi ya jingine. Kichocheo kingeyaharakisha yote mawili kwa kiasi sawa, kisingefaa kitu.

Iliaminika siku hizo kwamba njia hii haiwezi kutumia kichocheo, kwa kuwa salfa ya makaa ingekiua. Bergius alitia katika uji wake masazo yenye oksidi ya chuma, yaliyobaki baada ya kusafishwa madini ya alumini, kwa nia ya kuinasa salfa. Baadaye ilitambulikana kwamba masazo hayo yalikuwa yakifanya kazi nyingine ambayo hayakutumwa: yalikuwa yakigawa haidrojeni. Oksidi ya chuma ilipokutana na salfa iligeuka kuwa salfidi ya chuma, na salfidi hiyo ndiyo yenye kufanya kazi. Matthias Pier na wenzake katika kampuni ya BASF, iliyoingia katika muungano wa IG Farben mwaka 1925, walilifuata jambo hilo kwa bidii, wakapata vichocheo vya molibdeni na vya tungsteni vilivyostahimili salfa. Tena kwa salfidi za madini hayo haitoshi kusema zinaistahimili, kwani salfa ikipungua mno hulegea kazini. Kiwanda cha Leuna kilianza kutoa mafuta kwa njia hii mwaka 1927, na mwaka 1931 Bergius na Carl Bosch waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia.

Yaliyofuata si ya kemia peke yake. Katika Vita Vikuu vya Pili karibu mafuta yote ya ndege za kivita za Ujerumani yalitoka katika viwanda vya aina hii, na ndiyo maana kuanzia Mei 1944 ndege za Marekani na Uingereza ziliviandama kwa mabomu. Kando ya Auschwitz, IG Farben ilijenga kiwanda cha mpira na mafuta ya kuundwa kwa mikono ya wafungwa wa kambi ya Monowitz, na maelfu yao walikufa humo. Baada ya vita mafuta ya visimani yalikuwa rahisi, na njia ya Bergius ikaachwa takribani kila mahali. Ilirudi kwa ukubwa mwishoni mwa mwaka 2008 huko Ordos, katika Mongolia ya Ndani nchini China, ambako kampuni ya Shenhua ilianzisha kiwanda kilichokusudiwa kutoa mafuta kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka. Kichocheo chake ni cha chuma, kilichofanywa chembe ndogo mno na kutawanywa juu ya unga wa makaa.

Njia ya pili huanza kwa kuyavunja makaa kabisa. Hupelekewa mvuke wa maji na oksijeni katika tanuri, yakawa gesi mbili, kaboni monoksidi na haidrojeni. Kisha gesi hizo hupitishwa juu ya kichocheo ili zijengwe upya. Mwanaisimu atakayeangalia kwa makini atauona hapa ushahidi mzito kuliko wowote juu ya maana ya neno linalojadiliwa. Mwaka 1902 Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walizipitisha gesi hizi juu ya nikeli, wakapata methani, ile gesi ya kaboni moja. Mwaka 1923 BASF ilizipitisha juu ya oksidi za zinki na kromi kwa shinikizo kubwa, ikapata methanoli, ambayo ni aina ya spiriti. Miaka hiyo hiyo Franz Fischer na Hans Tropsch, katika taasisi ya uchunguzi wa makaa ya mawe mjini Mülheim, walizipitisha juu ya chuma na kobalti, na kufikia mwaka 1926 walikuwa wameeleza jinsi ya kupata minyororo mirefu ya kaboni: petroli, dizeli na nta.

Gesi ni zile zile mbili. Anayeambiwa kwamba kichocheo huharakisha tu hawezi kueleza kwa nini matokeo ni matatu. Na kama upesi ndio ungekuwa kila kitu, gesi hizi zikiachwa zikimbie mpaka mwisho wa safari zingekusanyika hasa kwenye methani, kwa kuwa hiyo imetulia kupita petroli na kupita nta. Petroli ni kituo cha njiani. Kichocheo kizuri ni kile kinachofungua njia ipitayo kituo hicho na kuiacha njia ya methani imefungwa, au angalau ikiwa nyembamba. Ostwald hakukosea: mwisho wa safari haukuhamishwa. Lakini ziko njia nyingi kabla ya mwisho, na kazi ya kichocheo ni kuchagua mojawapo. Berzelius naye, kwa lile neno lake la kufungua, alikaribia jambo hili bila ya kulijua.

Jinsi mnyororo unavyojengwa ni jambo linaloelezeka vizuri kwa kitenzi "tunga", kama mtu atungavyo shanga. Kaboni monoksidi hutua juu ya uso wa chuma, oksijeni yake ikaondolewa, na kaboni iliyobaki ikapewa haidrojeni. Hiyo ni ushanga mmoja. Kila ushanga ukishaingia, mambo ni mawili: ama utiwe mwingine, ama uzi ufungwe fundo na kutoka. Kichocheo ndicho kinachoamua ni mara ngapi uzi utaendelea. Ikiwa mara 9 katika kila 10 ushanga mwingine hutiwa, hesabu huonyesha kwamba methani itakuwa kama sehemu 1 kwa 100 ya uzito wote, na nta zenye shanga zaidi ya 20 zitapita theluthi. Ikiwa ni mara 7 katika kila 10, methani hupanda hadi 9 kwa 100, nta hutoweka karibu yote, na nyuzi za shanga 5 hadi 11, ambazo ndizo petroli, hukaribia nusu. Hakuna nafasi inayotoa petroli peke yake. Nikeli hufunga fundo mapema mno. Kobalti hutunga nyuzi ndefu. Chuma huweza kufundishwa yote mawili, kwa kubadili joto na kwa kutiwa potasiamu kidogo.

Huko Afrika ya Kusini kampuni ya Sasol, iliyoundwa mwaka 1950 na kuanza kutoa mafuta mwaka 1955 mjini Sasolburg, ilichagua chuma kwa matanuri yake yote. Katika matanuri ya joto la chini, nyuzi kama 230, ilipata nta kwa wingi; katika yale ya joto la nyuzi zaidi ya 300 ilipata petroli na gesi nyepesi. Sababu za kuchagua chuma zilikuwa za kawaida kabisa. Chuma ni rahisi, hata magamba yanayobanduka katika viwanda vya chuma cha pua na cha kawaida hufaa, na kichocheo kinachokufa mapema lazima kiwe rahisi. Kobalti ni ghali. Madini hayo siku hizi sehemu iliyo zaidi ya nusu ya ulimwengu mzima hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika Katanga ya zamani, na hivyo jina lake hutajwa kwa Kiswahili na wachimbaji kila siku kuliko linavyotajwa katika vyuo vyote vya Afrika Mashariki.

Hapa pana ajabu ya salfa. Katika njia ya Bergius salfa ni rafiki wa kichocheo. Katika njia ya Fischer na Tropsch ni sumu kali: hutua juu ya uso wa chuma au wa kobalti, ikashika mahali ambapo kaboni monoksidi ingetua, na haiondoki. Kwa hiyo gesi lazima isafishwe vikali kabla haijaletwa. Mwandishi wa kamusi atakayeandika "sumu ya kichocheo" atakuwa amesema kweli, mradi asiitaje salfa kuwa sumu ya vichocheo vyote.

Sasa lile dai la kutobadilika. Chuma kinachotiwa katika tanuri la Sasol ni oksidi. Huondolewa oksijeni kwa haidrojeni kabla ya kazi. Na kazi ikianza, kaboni humwingia mpaka sehemu yake kubwa ikawa kabidi ya chuma. Katika uji wa Bergius oksidi ile ile huwa salfidi. Kinachotiwa sicho kinachofanya kazi. Tena kila tendo moja la kutunga ushanga ni tendo la kichocheo kushikana na gesi na kuachana nayo, na kwa kitambo kile kichocheo kimebadilika kweli. Jambo lililo sahihi ni kwamba mzunguko ukitimia hurudi kama kilivyokuwa, tayari kwa mzunguko mwingine. Hata hivyo marejeo hayo si kamili. Masizi hukifunika, mvuke wa maji hukirudisha kuwa oksidi, chembe zake husagika, na baada ya majuma au miezi chuma cha tanuri hulazimika kutolewa na kutiwa kingine. Mshenga wa Wajapani, kwa hali hiyo, anafaa kwa nusu ya kwanza ya habari tu, kwa maana hakuna mshenga anayefunga ndoa na kila upande kwa zamu.

Yabaki lile ambalo kichocheo hakiwezi kulifanya, na hapa hesabu ya 8 na 20 inarudi. Haidrojeni inayopungua katika makaa lazima itoke mahali, na katika viwanda hivi hutoka hasa katika maji. Maji yakitoa haidrojeni yake huacha oksijeni, na oksijeni hiyo huondoka imeshikana na kaboni ya makaa yenyewe, ikawa kaboni dioksidi. Chuma hulifanya badiliko hilo ndani ya tanuri lile lile, jambo linalokifaa sana kwa gesi ya makaa yenye haidrojeni chache; kobalti karibu hailifanyi kabisa. Lakini likifanyika ndani au nje, jumla ni ile ile. Hakuna kichocheo kitakachoifuta, kwa kuwa hiyo si habari ya njia, ni habari ya mizani. Serikali ya ubaguzi ya Afrika ya Kusini, ilipobanwa na vikwazo vya mafuta katika miaka ya 1970, ilijenga viwanda viwili vikubwa zaidi huko Secunda, kimoja kikaanza kutoa mafuta mwaka 1980 na kingine mwaka 1982. Wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walielewa viwanda hivyo vina maana gani kwa serikali ile. Tarehe 1 Juni 1980 matanki ya Sasolburg yaliwaka moto kwa mabomu yao. Vikwazo vimekwisha na serikali ile imekwisha, na Secunda ingali inatoa mafuta. Leo hutajwa miongoni mwa mahali pamoja panapotoa kaboni dioksidi nyingi kuliko pengine popote duniani, na vichocheo vyake ni miongoni mwa vile vilivyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi.

Kwa watunga istilahi, neno "kichocheo" laweza kubaki, kwani limekwisha kuota mizizi, na si lazima neno liseme kila kitu kinachotendwa na chenye jina. Kinachohitaji kuandikwa upya ni maelezo yake: kitu kinachofungulia badiliko la kikemia njia fulani mahali pa nyingine, kikishiriki humo na kurudi, bila ya kuhamisha kikomo chake. Neno la kutajia ule uwezo wa kupendelea njia moja halijatulia. "Uteuzi" lingefaa, nalo lina tabia ya kuchambua kabla ya kuchukua, ambayo "uchaguzi" imeipoteza kwa kukaa sana na kura. Gumu zaidi ni lile la potasiamu inayotiwa kidogo ndani ya chuma. Yenyewe peke yake haitungi ushanga hata mmoja, lakini bila yake chuma hufunga mafundo mapema. Kuiita "kichocheo cha kichocheo" ni kurudi kwenye kuni na moto. Wapishi wanalo neno la kitu kitiwacho kidogo ambacho chenyewe si chakula, nalo ni "kiungo". Tatizo ni kwamba wanakemia wamekwisha kulichukua kwa kile kinachoshikanisha atomu mbili, na makala haya yenyewe yamelitumia hivyo pale juu.